Meza Kwanza, Msumbiji Baadaye

Jirani yetu hapa Magomeni, Mtwara, aliwahi kuniuliza, kwa adabu zote, kama mke wangu anaumwa. Hamwoni akitoka asubuhi, na sokoni haendi mpaka jioni. Nikamwambia yuko kazini. "Kazini wapi?" Nikamwonesha dirisha la chumba cha mbele. Akaliangalia lile dirisha, akaniangalia na mimi, akasema haya, Mungu amjalie.

Kazi yenyewe ni ya mtandaoni. Kampuni iko Copenhagen, Denmark, inatengeneza programu ya mahesabu ya maduka, na yeye anawahudumia wateja waliokwama: barua pepe kutwa, simu za video, na kikao cha timu mara mbili kwa wiki. Mwaka wa tatu huu yuko nao na hajawahi kukanyaga huko. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Chikongola, na nina mikorosho Tandahimba, shamba la upande wa mama. Binti yetu ana miaka minne. Jina lake siliandiki humu kwa sababu mama yake amekataza, kwa hiyo mama mtu mtamjua kama Mama Fulani, na mimi ndiye Baba Fulani.

Mwezi wa nne tunaondoka. Tunakwenda Ilha de Moçambique, kile kisiwa kilichoipa Msumbiji jina lake, siku 88 kwenda na kurudi, kwa mabasi na treni, na Mama Fulani hachukui likizo hata siku moja. Watu wakisikia hilo la mwisho ndipo wanapoweka kikombe chini. Safari gani tena hiyo, mtu anakwenda na ofisi yake kichwani?

Ukitandika ramani mezani ukaweka rula, kutoka Mtwara hadi kisiwani ni kama kilomita 530, kusini moja kwa moja. Lakini katikati ya rula ndipo ilipo Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini wa Msumbiji, na tangu Oktoba 2017, magaidi walipoishambulia Mocímboa da Praia, njia ya kivuko cha Kilambo kwenda Palma si ya kumpitisha mtoto wa miaka minne. Machi 2021 Palma nayo ikapigwa. Sisi wa Mtwara hatukuyasoma magazetini tu, tuliwaona watu waliovuka mto na vitanda kichwani. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, nalo linakushusha mkoa huo huo. Bibi yangu alivuka Ruvuma kutokea upande wa Mueda wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, na mpaka anafariki aliita kule "kwetu". Nilidhani siku moja nitamfuata nyayo zake kinyumenyume. Mueda itasubiri.

Kwa hiyo tunazunguka. Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, tunavuka Kasumulu kuingia Malawi, tunateremka na ziwa hadi Mangochi, hapo tunakaa wiki nne. Kisha tunavuka kuingia Mandimba, Msumbiji, tunafika Cuamba, tunapanda treni ya abiria hadi Nampula, na kutoka hapo gari hadi kisiwani, wiki tano. Ipo njia ya mkato, Songea kwenda Mkenda na kuteremkia Lichinga, ila binamu yangu anayeendesha lori aliponisikia naitaja alicheka hadi akakohoa. Mvua za mwezi wa nne, na mtoto, na betri ya kuendeshea kazi ya mama yake? Tukaifuta.

Kilichotuchukua muda si njia, ni tarehe. Mkulima wa korosho ana kalenda yake. Kuanzia Septemba unaokota, Oktoba minada inaanza, na mpaka Desemba au Januari unasubiri chama cha msingi cha ushirika kikulipe. Kuanzia Januari nina nafasi mpaka mikorosho itakapotoa maua, na hapo kupuliza dawa ya salfa kunaanza, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, haumsubiri mtu aliye matembezini. Nikasema basi, tuondoke Januari, turudi Aprili. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mama Fulani akaniuliza kama najua vimbunga vinapiga pwani ile miezi gani. Sikujua. Akafungua laptopu. Gombe, Machi 2022, kilitua Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa. Chido, Desemba 2024, kilitua kusini ya Pemba. Jude, Machi 2025, pwani ile ile ya Nampula. Msimu unaanza Novemba, unaisha Aprili, yaani miezi yote niliyoipanga mimi. "Baba Fulani," akasema, "wewe umepanga safari ya mikorosho."

Alikuwa na haki. Tumesogeza hadi katikati ya Aprili, turudi katikati ya Julai, na salfa ya kwanza itapigwa na mdogo wangu. Nimemwandikia kwenye daftari kila kitu, mpaka mkorosho upi una nyuki. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, lakini ukweli ni kwamba mshahara unaotufikisha huko ni wake, na mikorosho yangu mwaka wa mvua mbaya hailipi hata mapalizi.

Sasa niwaambie kuhusu Lindi, maana bila Lindi tungeumbuka ugenini.

Wazo la kufanya jaribio lilikuwa langu. Tujifanye tumesafiri, nikasema, wiki moja tu, tuone kama kazi inakwenda. Lindi ni kilomita mia na kidogo kutoka hapa, kuna bahari, kuna samaki, na hakuna mtu wa kutugongea mlango. Tukapata gesti karibu na ufukwe, kwenye simu wakatuambia kuna Wi-Fi ya uhakika. Jina silitaji. Tulifika Jumapili jioni, mtoto akaingia majini na nguo zake, tukala pweza, raha tupu.

Jumatatu asubuhi nikagundua chumba hakina meza. Kilikuwa na kitanda cha sita kwa sita, feni, ndoo mbili, na kiti cha plastiki chenye mguu unaocheza. Mama Fulani akakaa kitandani, laptopu juu ya mto. Saa tatu Wi-Fi ikawa inaonesha alama zote na haifungui chochote. Mhudumu akaniambia ruta iko ofisini kwa bosi, bosi kaenda Nachingwea, ofisi imefungwa. Nikawasha laini yangu ya simu, tukaunga bando, ikakubali. Saa nne kasoro umeme ukakatika. Feni ikasimama, mtoto akaamka, akaanza kulia kwa sauti ile ya mtoto aliyeonewa. Na saa tano kamili ndiyo kikao cha timu.

Nilimbeba mtoto nikatoka mbio. Mbele kidogo palikuwa na mama ntilie anaosha sufuria za chai. Nikamwomba meza. Akaniuliza ya kulia nini, maana maandazi yameisha. Nikamweleza kwamba mke wangu ana kikao na Wazungu baada ya dakika kumi na tano na hana pa kuweka kompyuta. Yule mama hakuuliza zaidi. Akapangusa meza moja kwa kanga yake, akaisogeza chini ya mwembe, akawafukuza vijana waliokuwa wanacheza bao. Basi Mama Fulani alikaa pale, mgongo kwenye ukuta ili nyuma yake isionekane sufuria, akafanya kikao cha dakika hamsini. Wenzake wakamsifia kwa kijani kilichoonekana pembeni. Tulilipa chai kumi ambazo hatukunywa.

Usiku ule hakunisema, na hilo lilinitisha kuliko kusemwa. Alikaa barazani anajikanda mgongo. Baadaye akasema, taratibu: "Intaneti nitahangaika nayo. Umeme wewe ni fundi. Lakini mimi bila meza siwezi miezi mitatu." Tangu siku hiyo kila nyumba tunayoulizia, Mangochi au kisiwani, swali langu la kwanza ni kama kuna meza, na urefu wake ni kiasi gani. Wenye nyumba wawili wamenitumia picha ya meza ya kioo ya sebuleni, ile ya kuwekea maua. Mmoja, wa Mangochi, alinitumia picha ya meza ya shule ya mbao ngumu, na futi ya fundi imelazwa juu yake. Huyo ndiye tuliyemlipa.

Umeme nimeutengeneza mwenyewe, na hapa mniruhusu nijigambe kidogo. Nimechukua betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampia-saa 50, jumla kama wati-saa 640. Laptopu yake inakula wati 45 hadi 60 ikiwa na kazi nyingi, ruta wati 10. Piga hesabu: umeme ukikatika asubuhi anamaliza siku nzima ya kazi na bado mtoto anaangalia katuni. Sikuweka inveta, kwa sababu ukipitia inveta umeme unageuzwa mara mbili, kuwa wa nyumbani kisha kurudi wa betri, na mwingine unaliwa njiani. Nimefunga kibadilishi cha volti kinachotoa moja kwa moja kwenye waya wa laptopu. Uzito wote na sanduku ni kama kilo saba. Na betri hii ndiyo iliyoua mjadala wa kupanda ndege, maana mashirika ya ndege yanaruhusu abiria betri ya wati-saa 100, hadi 160 ukiomba ruhusa. Yangu ni mara nne ya hiyo. Shemeji yangu wa Dar alikuwa ametubana sana tupande ndege mpaka Nampula, eti tusimtese mtoto. Betri ikamjibu kwa niaba yangu.

Malawi plagi zetu za pini tatu bapa zinaingia bila adapta. Msumbiji haziingii, wanatumia za pini za duara, nyembamba za Ulaya au zile nene za Afrika Kusini, kwa hiyo nimebeba za aina zote. Jambo linalonichoma kama fundi ni kwamba Malawi na Msumbiji wana Starlink, intaneti ya setilaiti, tangu 2023 na sisi tukaachwa tunasubiri. Nyumba ya kisiwani ina dishi juu ya bati. Hapa Mtwara tulijifunza Mei 2024 maana ya kutegemea kamba moja: kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikaharibika, intaneti ikawa ya kuvizia usiku wa manane. Mama Fulani alijibu wateja saa tisa za usiku kwa siku kadhaa. Bosi wake alidhani ni bidii.

Saa sasa. Hapa ndipo nilipomuudhi, ingawa sikukusudia. Denmark wanabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi. Kuanzia hapo kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu Mtwara kinakuwa saa nne. Wakati wa baridi yao kinakuwa saa tano, kama kilivyokuwa siku ile ya Lindi. Malawi na Msumbiji wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo tukivuka Kasumulu tu, saa ya mkononi mwake na ya mabosi zake zinalingana kabisa. Tulifurahi hadi tukapeana mikono.

Kisha nikaangalia jua. Kisiwa kile kiko karibu sawa na Mtwara kwa mashariki na magharibi, ila saa yao imerudishwa nyuma. Mwezi wa sita, kwetu jua linazama saa kumi na mbili. Kwao linazama kabla ya saa kumi na moja. Na Mama Fulani anafunga kompyuta saa kumi na moja kamili. Maana yake tuzunguke nchi tatu, tufike kwenye kisiwa chenye ngome ya Mreno na kikanisa kidogo cha mwaka 1522, na yeye akitoka nje kila siku akute giza. Nilipomwonesha alikaa kimya, akasema, "Kwa hiyo nitakuwa naona bahari kwenye simu yako."

Aliandika barua kwa bosi wake siku hiyo hiyo. Kwa kuwa kule mwezi wa sita kunapambazuka kabla ya saa kumi na mbili, ameomba aanze kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi na amalize saa nane na nusu mchana. Vikao vya saa tatu vinabaki pale pale. Wamekubali, kwa sababu wateja wao wengine huamka mapema kuliko wao. Hivyo asubuhi mtoto ni wangu mpaka saa nane na nusu, na baada ya hapo tuna saa mbili na ushee za mwanga sote watatu. Ukizidisha kwa wiki tano si haba. Nimeshaambiwa uji napika mimi.

Makaratasi yalikwenda haraka kuliko nilivyoogopa. Pasipoti tatu kwa shilingi 150,000 kila moja, na mtoto hapewi punguzo kwa udogo wake. Chanjo ya homa ya manjano tulichoma, na kadi tangu 2016 ni ya maisha. Mtanzania haombi viza kuingia Malawi wala Msumbiji. Lakini Mama Fulani ni mtu wa kusoma maandishi madogo: kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Yeye hamfanyii kazi mtu wa huko wala halipwi huko, hata hivyo tumeandikia balozi zote mbili tukaeleza hali ilivyo, na mwanasheria wa kampuni amepitia. Kampuni ina sharti lake, siku 90 kwa mwaka nje ya nchi ya mkataba, basi. Ndiyo maana nimesema siku 88. Mbili nimeziacha kwa ajili ya treni.

Waliobaki ni wazee. Mjomba wangu yuko Ndanda, na kwetu huwezi kubeba mke na mtoto ukavuka mpaka mjomba akasikia kwa watu. Tulikwenda na sukari na kitenge. Alisikiliza yote, betri, meza, saa za Denmark, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa wewe mjomba, huko kazi yako wewe ni ipi?" Nikasema kulea mtoto, kupika, kutafuta umeme. Akamgeukia mke wangu: "Na wewe mama, umeridhika naye?" Mama Fulani akasema ndiyo, anapika vizuri akiamua. Mjomba akacheka, akasema zamani mwanamume wa kwetu akioa alihamia kwa mkewe akalima shamba la mama mkwe, kwa hiyo haoni jipya. Vijana wa kibandani kwangu hawajafika hapo. Wao wananiita "mheshimiwa mume wa ofisa".

Mama mkwe, Masasi, ni Mmakua, na huyo ametusaidia kuliko ramani. Wazee wake walitoka upande wa Nampula. Amemfundisha mtoto kuhesabu Kimakua mpaka tano na kuamkia, na maamkizi yenyewe hayamsumbui kwa sababu "salama" wanaisema na wao. Mangochi ni Wayao, na baba mkwe ni Myao wa Tunduru, kwa hiyo mke wangu atakuwa nyumbani mipaka miwili mbele. Mimi Mmakonde ndiye nitakuwa mgeni kila mahali, mpaka turudi. Kireno tunajifunza kila usiku baada ya kula. Nimeshika neno la meza: *mesa*. Hata halihitaji kujifunza, Mreno alituachia.

Nyumba ya Mangochi ina meza. Ya kisiwani haina, mwenye nyumba ameahidi, na ahadi tuliipata pia Lindi. Kwa hiyo nimekwenda kwa seremala wa hapa mtaani kumwagiza meza ya kukunja, mninga, sentimeta 72 kwenda juu, miguu inayolala chini. Akaniuliza ni ya biashara gani. Nikamwambia inakwenda Msumbiji kupitia Malawi. Akaacha randa, akaniangalia kama yule jirani alivyoniangalia.

"Bosi, huko hawana mbao?"

Itakuwa tayari Jumamosi. Jana nilipita stendi ya Mkanaledi na kipande cha kamba nikapima buti la basi la Songea. Kondakta anasema inaingia, ila ikae chini ya magunia na tuilipie kama abiria nusu.